Kifua cha Kaka Masanja

Kabla sijafumbua macho nilisikia pumzi mbili. Moja ilitoka uani, ikipenya kwenye meno kama hewa inayochomoka kwenye tairi la baiskeli, kisha ikivutwa ndani, ndefu na tulivu. Ya pili ilitoka nyuma ya pazia la mifuko ya salfeti lililotenganisha kitanda changu na cha wazazi. Hiyo ilikuja vipande vipande, ikikwaruza, ikikatika katikati na kuanza upya. Ya kwanza ilikuwa ya kaka yangu Masanja akipiga pushapu. Ya pili ilikuwa ya Baba, mgonjwa, akiisikiliza ile ya kwanza kutoka kitandani. Ndivyo asubuhi zetu zilivyoanza kiangazi kile pale Segese, nilipokuwa darasa la tatu, na mpaka leo nikisikia mtu akipumua kwa bidii moyo wangu hukunja ngumi.

Masanja hakuwa na vyuma vya dukani. Alikuwa na tofali mbili za kuchoma, ambazo aliweka viganja juu yake ili kifua kishuke chini kuliko mikono, na benchi bovu la kanisani la kuegemezea miguu alipotaka kujaza sehemu ya juu, karibu na mtulinga. Alikuwa na makopo mawili ya rangi aliyoyajaza zege na kuyaunganisha kwa bomba. Alilala chali juu ya benchi lile lile, akalishusha bomba mpaka liguse kifua, akalisukuma juu. Na alikuwa na mimi. Nilikaa mgongoni mwake, nimekunja miguu, nimeshika mabega yaliyoloa jasho na kunuka sabuni ya mche, naye akaniinua kutoka ardhini nikacheka mpaka kuku wakatawanyika. Mwalimu alikuwa Baba. Tulimtoa nje akaketi kwenye kigoda, blanketi mabegani hata jua likichoma, akamrekebisha Masanja kwa kidole: viwiko visitanuke kama mabawa, kiuno kisilegee, viganja viachane kwa ajili ya pembeni, vikaribiane kwa ajili ya katikati. "Shuka kama unamlaza mtoto aliyesinzia," alimwambia. "Panda kama umetukaniwa mama." Mayu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kisukuma, alijibu kutoka jikoni kwamba mama mwenyewe yupo, anasikia, na bado hajatukanwa na mtu.

Mazoezi hayo hayakuwa ya urembo. Kwenye machimbo ya jirani, vijana wa kushuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, walichaguliwa Jumatatu asubuhi. Walivua mashati wakapanga mstari mdomoni mwa shimo, na msimamizi, Mzee Shija, alipita akigonga kila kifua kwa kiganja, sikio ameliinamisha, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kilichojaa kilipewa kamba na tochi. Chembamba kilirudishwa nyumbani. Na imani ya wote, wachimbaji na wake zao, ilikuwa kwamba vumbi la mawe halimwingii mwenye kifua kipana, kwamba nyama ikijaa mbele, njia ya vumbi huziba, na kikombe cha maziwa baada ya kazi huosha lililobaki. Ningeisamehe imani hiyo kama ingenyamaza. Lakini haikunyamaza. Ilisema kwamba aliyeugua kajitakia.

Maana Baba ndiye aliyekuwa na kifua kipana kuliko wote. Mashati yake ya zamani yalimtosha Masanja na kubaki. Alitoboa mwamba mkavu kwa miaka, kisha akawekwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, akarudi nyumbani kila jioni mweupe kama aliyejipaka unga, kope na nywele za masikio zikiwa zimeganda. Alipoanza kukohoa, walisema ameacha mazoezi. Jirani yetu alimletea Mayu uji na methali kwa safari moja: msiba wa kujitakia hauna kilio. Na Baba mwenyewe aliamini. Hilo ndilo lisilonitoka mpaka leo. Mtu aliyewajengea wengine utajiri kwa mapafu yake alikaa kwenye kigoda akijiona mvivu, akimfundisha mwanawe asiwe mvivu kama yeye. Hakuna jirani aliyetaja maji. Jiwe lingemwagiwa ndoo moja kabla ya kusagwa, vumbi lingelala. Baba aliwahi kuomba, na Mzee Shija akamjibu kuwa jiwe lililolowa linachelewesha mashine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mapafu ya mwenzio, nadhani, ni mepesi zaidi ya hapo.

Mayu peke yake hakuamini. Asubuhi moja aliinuka na kikombe cha maziwa ya Masanja, akatutazama sote, mimi nikiwa bado mgongoni. "Mnanenepesha beberu wa kafara," alisema, akaenda kuyamwaga mbele ya ndama. Siku hiyo Masanja alishushia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa maji, na jioni akaongeza pushapu.

Jumatatu yake ilipofika, alivua shati mbele ya Baba. Baba aliweka kiganja juu ya kile kifua kilichojaa, akakigonga kama Mzee Shija, akainamisha sikio. Akatabasamu. Mayu hakutoka jikoni. Tulisikia tu mwiko ukigonga sufuria, kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji. Masanja aliomba baraka akapewa, akavuka kizingiti. Kisha Baba akasema maneno aliyokuwa akiyasema kwa kila anayetoka, maana upepo wa Segese hauchoki: "Vuta mlango, vumbi lisiingie." Masanja akarudi hatua moja, akauvuta ule mlango wetu wa madebe yaliyopondwa. Alichaguliwa wa kwanza. Baba tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Leo ninaandika haya nikiwa Geita mjini, mahali ambapo vijana hujaza vifua vyao kwa kutazama simu, na sina ugomvi na pushapu. Mimi mwenyewe hupiga chache asubuhi, viganja vikiwa juu ya tofali mbili. Msuli ni msuli na pafu ni pafu, na mmoja haujapata kuwa ukuta wa mwenzake. Daktari yeyote angetueleza hivyo, lakini hatukuletewa daktari, tuliletewa msimamizi. Kaka Masanja ana nyumba Kalangalala, hapa hapa mjini, na hiyo ndiyo iliyotoka shimoni pamoja naye. Kifua chake bado kipana, vifungo vya shati vinavutana. Hulala ameketi, kwa sababu akilala chali hewa humkimbia, na akitoka kwenye kiti kwenda mlangoni hupumzika mezani. Hospitali walimwambia vumbi limeacha makovu na halitoki. Moja ya yale makopo ya zege huzuia mlango usipigwe na upepo.

Nilikuwa pale juzi. Uani, mwanawe Kulwa alikuwa akipiga pushapu, na mdogo wake wa kike amekaa mgongoni, anacheka. Nilisimama nikazihesabu pumzi zake. Kulwa aliniambia nisihofu, kwamba yeye anajenga mwili kwa afya na kwa picha. Nilitaka kumwamini. Tulikuwa tumeingia ndani kunywa chai aliposimama mlangoni mzee mnene mwenye kofia, nasi, kwa malezi tuliyolelewa, tukampa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Alikuwa Mzee Shija, ambaye siku hizi huzunguka mpaka Geita akitafuta vijana wa shimoni. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alimwendea Kulwa, akagonga kifua chake kwa kiganja, akainamisha sikio. "Jumatatu aje," akasema.

Masanja alinyoosha mkono taratibu, akakishika kile kiganja kwa heshima, akakiweka juu ya kifua chake mwenyewe. "Gonga na hiki, mzee. Sikiliza."

Mzee akagonga. Kutoka nilipokaa nilisikia sauti ya ndani ya kaka yangu, kama mchanga unaopepetwa kwenye ungo. Kulwa naye aliisikia; nilimwona akiacha kutafuna. Mzee Shija aliondoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Uliacha mazoezi, Masanja," alisema.

Masanja alitafuta pumzi ya kumjibu, hakuipata. Nilisimama, nikamwonyesha mzee njia ya kutokea. Kulwa alikuwa ameshafika mlangoni. Alimngoja mzee avuke kizingiti, akalisogeza lile kopo la zege kwa mguu.

"Vumbi, shangazi," alisema, akaufunga mlango.