Paa Alipozaa kwenye Misindano

Nakumbuka, mwanangu, msimu ule wa korosho wa kwanza baada ya soko kuachwa huria. Wanunuzi binafsi walikuwa wakipishana kijijini kwetu Makote, na mmoja wao akautaka msitu wetu wa misindano, ile miti ya kigeni iliyopandwa kwa mistari pale ukingoni mwa mlima. Alitaka mbao, akate yote.

Mkutanoni mimi kijana nikasimama, nikasema auziwe. Misindano ile ilikuwa imesongamana mno. Chini kulikuwa na giza na majani makavu tu, hata kanga hakupita. Msitu gani huo?

Baba Saidi, mzee aliyekuwa mwindaji enzi zake, alinijibu bila kuinua sauti. "Kijana, ukikata yote, mvua itatushushia mchanga mashambani. Tupunguze. Jua likifika chini, miti yetu ya asili itachipua yenyewe, na paa watarudi."

Watu wakamuunga mkono. Tukauza baadhi ya mistari, mingine tukaiacha. Kisha akanichagua mimi, niliyempinga, tulinde machipukizi pamoja. Kila kiangazi tulifyeka njia ya kuzuia moto. Mitego yake aliing'oa kwa mkono wake, na nyama ya paa alivyoipenda yule mzee!

Miaka ikapita. Vichaka vikashika, ndege wakaanza kelele. Baba Saidi akaugua, akalazwa hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi. Juma lile lile nikamwona paa. Nikadandia lori la korosho mpaka Masasi.

"Shikamoo, Baba Saidi. Paa amerudi."

"Marahaba. Ana mtoto?"

"Mtoto sikumwona."

"Basi huyo huenda anapita tu. Rudi ukaangalie."

Nilirudi nimenywea, maana nilidhani nimempelekea furaha. Lakini niliangalia kila alfajiri, hadi mvua za kwanza. Ndipo nikamwona jike amesimama kati ya misindano, kitoto kinanyonya, miguu inatetemeka.

Mzee alikuwa amesharuhusiwa, anatembea kwa fimbo. Nilipomwambia alikaa kizingitini, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Sasa tuna msitu," akasema.

Mwanangu, ukipanda miti usiiache ukaenda zako. Punguza inaposongamana, zuia moto, ng'oa mitego, kisha subiri mpaka wanyama wazae humo bila hofu. Na mzee akikupinga mbele za watu, usimnunie. Huenda ndiye atakayekupa kazi ya maisha yako.

Mungu akupe nguvu za kuupanda mlima ule hadi uzeeni, na wajukuu zako wawaone paa kwa macho yao, wasisimuliwe tu.