Nyota Nyekundu ya Kuka

Kuna jamaa zangu kule Mautuma ambao hadi leo wakiniona wanafunika jicho moja kwa kiganja na kuniuliza, "Wafula, iko?" Nami nacheka nao, lakini masikio yangu huwaka moto kila mara, kwa hiyo acha niisimulie aibu hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwao ikiwa imetiwa chumvi (na wala haihitaji chumvi).

Lazima nianze na babu yangu, au Kuka kwa lugha yetu, ambaye nimerithi jina lake la Wafula, ndiyo maana nyanya yangu, Kukhu, huniita "bwanangu" mbele za watu. Kuka aliniomba nimpige picha mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia jua ni kali mno, mara ya pili koti lake lilikuwa na mikunjo, mara ya tatu nilikuwa nangojea lenzi bora. (Mimi ni mtu wa kupiga picha moja mara sitini kisha nikazifuta zote sitini.) Akafariki. Picha iliyosimamishwa juu ya jeneza lake ilikuzwa kutoka kwa kitambulisho, uso umefifia kama unautazama kupitia chandarua, na Kukhu hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Wakati huo nilikuwa nimeshajifundisha, kwa simu tu, kupiga picha za vitu vya mbali angani: galaksi, na nebula, yale mawingu ya gesi ambamo nyota huzaliwa. Kamera yangu ni ya mitumba, na huifunga juu ya mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba ya mlango, na mota ndogo huzifungua polepole ili kamera iende sambamba na nyota. Hapa kwetu karibu na ikweta nyota ya kaskazini imejilaza chini kabisa nyuma ya mahindi, huioni, kwa hiyo nilihangaika wiki tatu nikisogeza mbao kidogo kidogo mpaka nyota zikatulia kwenye picha, na nilipoona zimetulia nilitokwa na machozi.

Usiku huo nilipiga Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani yetu, picha arobaini za dakika moja moja. Sasa, sheria ni kwamba ukimaliza unafunika lenzi na kupiga picha kadhaa za giza tupu, ili kompyuta izijue kasoro za kamera yenyewe na kuziondoa. Lakini betri ilikuwa inakata roho, nikaona ni upuuzi kuimalizia kwenye picha za kifuniko. Nikapiga Andromeda nyingine tano. Uamuzi wenyewe ni huo tu.

Asubuhi, pembeni mwa galaksi, nikaona kinukta chekundu ambacho hakimo katika picha za watu wengine. Nikakagua zote arobaini na tano, moja baada ya nyingine: kimo, mahali palepale. Nyota mpya! Nyota iliyolipuka! Nilipaswa kuwaandikia wajuzi kwanza. Nilimwambia Senje, shangazi yangu, ambaye alikuwa akipanga ibada ya mwaka mmoja tangu Kuka atuache, na ambaye siri haimalizi kikombe cha chai kinywani mwake.

"Umepata nyota na Mzee hana hata picha?" akasema. "Basi hiyo ni yake."

Nilijua si mimi wa kuipa nyota jina. Nilijua pia nina deni lisilolipika. Nikanyamaza, na siku ya ibada picha yangu ilikuwa imetundikwa mbele ya hema, kubwa kama mlango, ikiwa na mshale na maandishi "Nyota ya Mzee Wafula". Nikaeleza, watu wakapiga makofi, wengine wakajipiga picha nayo, na pasta alikuwa ameshafungua Biblia aiombee nyota ndipo Kukhu akainua mkono.

"Bwanangu, kabla nipasuliwe jicho nilikuwa naonanga doa. Kwa ukuta, kwa ugali, hata kwa uso wa pasta."

Watu wakacheka, pasta naye.

"Daktari akaniambia, ukiangalia kwingine na likufuate, si la ukuta, ni la jicho. Hii yako umejaribu?"

Nikasema kwa majivuno (Mungu anisamehe) kwamba nitathibitisha hapo hapo. Nikaitoa kamera mkobani, nikafunika lenzi, nikaiacha ifunguke dakika nzima. Kisha nikakuza picha kwenye kioo cha kamera. Giza. Na katika giza lile, mahali palepale, kinukta chekundu.

Hakuna aliyekiona isipokuwa mimi. Ningeweza kusema "hakuna kitu" na tukaenda kula.

"Iko?" Kukhu akauliza.

Nilimtazama. "Iko, Kukhu. Ni doa la kamera. Hakuna nyota."

"Kumbe Mzee alihamia ndani ya kamera!" akapaaza sauti baba mdogo, na hema likalipuka kwa kicheko. Pasta akafunga Biblia taratibu. Senje akaanza kuing'oa picha msumari kwa msumari. Nilikuwa nimeifuata anga vizuri mno, bila kutikisika, hata kosa la kamera nalo likapata kiti cha kudumu kati ya nyota.

Jioni, wageni wameondoka, nilimkuta Kukhu sebuleni na kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Nikaanza kuomba radhi.

"Wacha hiyo. Bwanangu wa kwanza hukumpiga. Nipige mimi."

"Mwanga ni mdogo, Kukhu. Kesho asubuhi..."

Akavuta kiti, akaketi. Nikaweka kamera mezani, nikamwambia asisogee hata kidogo kwa sekunde kumi, naye akajizuia hadi ya sita, kisha akacheka.

Picha imetoka na ukungu kinywani, kitambaa kiko upande, na juu yake kuna kinukta chekundu. Siku hizi hufunika lenzi kabla ya jambo lolote, na kompyuta ingekiondoa mara moja. Sijakiondoa. Kukhu ameitundika ukutani kando ya ile ya kitambulisho, na akipata mgeni humwonyesha kile kinukta kwanza.