Sola ya Pili ya Wesonga

Wesonga ni kinyozi wetu hapa Kawangware, na akili anazo, sikatai. Sola yake aliifunga juu ya mabati ikitazama barabara, upande wa mashariki, ili kila mpita njia aione na mwizi aogope kuigusa mbele ya watu. Kwa ulinzi, hongera. Ilipata jua tele asubuhi, wakati wateja wake wote wako kazini mjengoni. Wakirudi jioni, jua liko nyuma ya nyumba, na betri yake imezeeka hata haihifadhi kitu.

Ndivyo mashine ilivyozima katikati ya kazi, na Mzee Simeon, shemasi wetu, akaenda ibadani amenyolewa upande mmoja. Akaapa kwamba akiaibishwa tena atahamia kwa Eugene, kinyozi wa ng'ambo ya barabara mwenye stima, umeme usiojali jua. Na Simeon akihama, kanisa zima linamfuata. Wesonga alikonda kwa wasiwasi.

Akanunua sola ya pili. Ya kwanza akaiacha iendelee kulinda barabara, hii akaifunga uani juu ya choo, ikitazama magharibi.

"Sasa hiyo ni ya kuchunga choo?" nilimuuliza. Mimi nauza viazi mlangoni pake, na mdomo wangu haulipiwi kodi.

Wiki nzima mashine ikanguruma hadi jioni. Nikarudi kwa viazi vyangu, mzaha umeniishia.

Jumamosi jioni akaja Simeon. Kesho yake ilikuwa harusi ya bintiye. Upande wa kushoto ulipokwisha, mashine ikazima, na jua linawaka! Wesonga akakimbilia uani, nami nyuma yake, umbea hauwezi kuachwa hivi hivi. Juu ya sola kulikuwa na blanketi bichi lililofuliwa, limetandazwa vizuri kabisa. Mumbi, mama yake Ciru, mke wa mwenye ploti tunayopanga, alisimama hapo na karai lake.

"Mama Ciru, tafadhali toa hiyo blanketi! Niko na mtu nusu!"

"Na itakauka wapi? Jua ya jioni iko hapo tu. Kwani hiyo mabati ni ya nani?"

Simeon akatoka na shuka la kinyozi shingoni. Nilijua anaelekea kwa Eugene. Badala yake akalivuta blanketi, akaliinua kwa mikono miwili lipate jua bila kuziba sola.

"Inakauka, mama. Wesonga, leta mashine."

Waya ulifika kwa shida. Shemasi akanyolewa amesimama uani, mbele ya ploti nzima, mikono juu na blanketi, nami nikacheka. Niliona aibu ya kicheko changu, nikaenda nikashika pembe ya pili. Lilikuwa zito, tena bado lilinuka mkojo wa mjukuu wake Mumbi.

Eugene naye alivuka barabara kuja kutazama, akaacha stima yake inawakia kiti kitupu.