Unga wa Parokia

Siku ile tulikuwepo ghalani mimi, wadogo zangu wawili, mama mzee wa kikundi cha parokia aliyetugawia unga sisi yatima, na mtu wa Parti, chama kilichotawala. Huyu aliagiza vikundi vyote vya misaada viandike yale watoto wanayosimulia kuhusu nyumbani kwao. Mjomba wetu alikuwa amekimbilia Zambia kupitia mpaka wa Mokambo, na mdogo wangu wa mwisho alipenda kumtaja.

Mama yule akamwekea mtoto mkono kichwani, akamjibu mtu wa Parti kwa kumwita raia, kama chama kilivyotaka. "Sitwayeni, siye tunapima bunga, hatupimi maneno."

"Basi hata bunga hautapima tena, mama."

Mtu wa Parti akafunga ghala. Mwaka mzima mama yule alitulisha bukari, ule ugali wetu, nyumbani kwake. Wajukuu wake walipunguziwa matonge kwa ajili yetu, na deni lao bado sijalilipa.