Boiler ya kuni ndani ya nyumba na bomba la moshi la inchi nne: nusura nimpoteze mzazi na kichanga

Wakuu, habari za humu. Vuteni viti, ila kaeni karibu na dirisha.

Haya yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Karatu. Chumvi mnaijua kuwa natia, ila leo nitaitia kwenye vichekesho tu. Kwenye habari ya moshi siongezi hata chembe.

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, wale tuliosoma hesabu za duara huku tunasinzia. Kazi yangu ni kupeleka mboga kwenye lodge za huku juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Baridi ya huku msiichukulie poa. Mwezi wa saba ukimwaga chai, inaganda kabla haijagusa sakafu.

Huko lodge ndiko nilikoona boiler za kuni. Pipa la chuma, moto chini, maji ya moto yanaenda mpaka bafuni kwa mgeni. Mke wangu Paskalina alikuwa mjamzito, uzazi wa kwanza. Nikaapa mwanangu hataogeshwa kwa maji ya kuchemsha kwenye sufuria.

Boiler za lodge zinakaa nje. Mimi nikajiona mjanja kuliko wazungu wote. Yangu nikaiweka ndani, kwenye stoo inayopakana na chumba cha kulala, ili na ukuta nao upate joto.

Sasa bomba la moshi.

Tundu la boiler pale juu lilikuwa inchi sita. Bomba nililokuwa nalo uani lilikuwa inchi nne. Nikamuuliza fundi Bura, aliyeichomelea.

"Sita na nne ni ndugu," akasema. "Tena jembamba ndilo zuri, litabana joto lisikimbie."

"Bura, wewe ni profesa uliyejificha!"

Tukaunga. Paskalina naye akatoa sharti lake: "Toboeni kokote mnakotaka, ila gypsum yangu ya dari msiiguse." Basi bomba likapigwa kona mbili, likatokea ukutani, likaishia chini ya ukingo wa paa. Kama mlivyo wakali humu, najua mmeshaanza kushika vichwa.

Siku za jua boiler iliwaka vizuri tu. Majirani walikuja kuoga kwangu kama wanahiji.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mama mkwe akashuka kutoka Mbulumbulu kuja kulea mzazi. Kwetu, mama mkwe akishafika, chumba ni chake. Mkwe unalala sebuleni, chakula unapokea mlangoni, na neno lake halijibiwi. Mzazi hapigwi upepo. Akafunga madirisha yote, akatundika blanketi dirishani, akaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kanga. Na moto usizimwe.

Mimi nikawa naleta kuni tu kama mtumishi mwaminifu.

Kisha ukungu ukatushukia kutoka msituni. Ukungu ule wa kwetu, unaoshuka ukakaa juu ya bati kama kuku anaatamia. Hakuna upepo, moshi haupandi. Nikaona mdomo wa boiler umeanza kuwa mweusi, na moto umelegea, unawaka kama hautaki. Nikasema kuni ni mbichi.

Mchana wa Jumamosi narudi kutoka lodge, nikasimama mlangoni mwa chumba. "Shikamoo mama."

Mama mkwe, taratibu mno, "Marahaba, baba."

Paskalina akasema kwa ndani, "Mume wangu, kichwa kinapasuka. Na huyu leo hataki kunyonya, analala tu."

"Mzazi kuumwa kichwa ni kawaida," mama mkwe akasema. "Na mtoto anayelala ni mtoto mwenye afya. Nenda kaongeze kuni."

Nikaenda. Nikachochea moto stoo kwa muda, hata mimi kichwa kikaanza kugonga. Nikapasua kuni kule uani, nikashangaa kichwa kimetulia. Nikarudi na mzigo stoo, kikaanza tena. Nikatoka, kikapoa. Nikaingia, kikarudi.

Wakuu, hapo jasho likanitoka kwenye baridi ile. Kuna sentensi moja tu niliyoikumbuka ya kemia ya jioni: moto usiopumua vizuri unatoa carbon monoxide, haina rangi, haina harufu, inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni.

Na mle chumbani yuko mama mkwe. Mtanicheka, lakini waliooa huku wananielewa. Kuingia pale bila kuitwa ni kuvunja heshima ya ukoo mzima. Nilisimama na kuni mkononi nikimsikiliza mwanangu asivyolia.

Hicho ndicho kilichonisukuma. Kichanga kisicholia.

Niliingia bila hodi. Nikang'oa blanketi dirishani, nikafungua vyote, nikamnyakua mtoto.

"Unamtoa mtoto kwenye ukungu? Umelogwa?" mama mkwe akafoka, akainuka anifuate. Magoti yakamkatalia, akakaa chini kama gunia.

"Mama, nisamehe, utanitukana tukiwa nje!"

Jirani ana gari, Noah. Tukawafunga mashuka, nikarudi mbio kumwagia moto maji, tukaondoka. Njia nzima namtikisa mtoto kidole cha mguu. Sijawahi kuomba Mungu vile, hata kwenye mtihani wa hesabu. Mama mkwe amemshika Paskalina mkono.

Hospitali wakawawekea oksijeni wote watatu. Tukakaa tunasubiri. Yule mtoto alipokuja kulia, alilia mpaka tembo wa kreta wakageuka. Mama mkwe akacheka, akafuta machozi na kona ya kanga. Mimi nikaenda kusimama nje kidogo.

Tumerudi, nikachora maduara mawili chini kwa mkaa, Bura ananiangalia. Ukubwa wa tundu unalinganishwa kwa kipenyo mara kipenyo. Nne mara nne, kumi na sita. Sita mara sita, thelathini na sita. Yaani tuliziba zaidi ya nusu ya pua ya boiler, kisha tukaipinda shingo mara mbili.

"Basi tuweke inchi kumi!" Bura akasema.

Nikakataa. Kuna lodge niliona wameweka bomba kubwa mno. Moshi unapoa njiani, unakosa nguvu ya kupanda, lami nyeusi inatiririka ukutani.

Tukaweka sita kwa sita, limenyooka, limepita kilele cha paa. Na boiler nimeitoa nje, inakaa uani kama za wazungu niliowacheka. Gypsum ya Paskalina iko salama.

Funzo langu: bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la boiler, wala lisizidi mno. Usilipinde bila sababu. Na moto wa kuni usilale ndani na watu, hata mama mkwe aseme nini.

Siku hizi mama mkwe akija, shikamoo yangu haipokei. Anasimama kwanza uani, anakinga mkono juu ya macho, anatazama moshi unavyopanda juu ya paa. Akiridhika ndipo anasema, "Marahaba, baba. Nipe mjukuu."

Wenye boiler, tundu lenu inchi ngapi na bomba inchi ngapi? Nendeni mkapime kwanza, ndipo mrudi kunitukana hapa chini.