Kila Alhamisi Saa Tisa, Bosi Alishuka Chini ya Daraja

Kalamu niliyoandikia ripoti ya kumchongea bosi wangu, aliniazima yeye mwenyewe.

Najua mshaanza kunicheka. Subirini kwanza.

Mimi ni dereva. Nilianza kumwendesha huyu mzee akiwa meja katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, mimi koplo mwenye kiuno chembamba. Alipovua magwanda akateuliwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi, walimletea dereva mpya, kijana mtanashati. Akamrudisha. Akasema anamtaka Koplo wake.

Miaka kumi na tisa nimemtazama kwenye kile kioo cha ndani ya gari. Nilidhani namjua kama kiganja changu.

Kikosini tulimwita Bolti. Alikuwa hapiti juu ya daraja jipya mpaka azigonge bolti zake kwa kinyundo, moja moja, akisikiliza mlio.

Sifa zake zote zilianzia kwenye lile daraja kubwa la mtoni, alilolijenga akiwa kapteni. Wakongwe waliniambia siku kifaru cha kwanza kinavuka, yeye alisimama chini yake. Ndiyo desturi ya wahandisi wa jeshi: aliyejenga anasimama chini, likianguka limwangukie yeye.

Sasa mtu wa namna hiyo utamshukuje?

Nami nilimshuku.

Ilianza Alhamisi moja, saa tisa alasiri, tunatoka kikaoni. Tulipofika kwenye daraja lile akaniambia niegeshe pembeni. Akachukua begi jeusi, akaanza kushuka ngazi za zege zinazoelekea mtoni.

"Nikusindikize, Mkuu?"

"Kaa hapo hapo, Koplo. Usishuke."

Dakika ishirini. Akarudi magoti yana tope, vidole vina unga mweupe.

Unga mweupe! Katibu Mkuu mzima!

Nikasema labda chokaa. Alhamisi iliyofuata, tena. Na iliyofuata. Akawa anamwacha mlinzi wake ofisini siku hiyo. Begi likawa linalia ndani kama limejaa vyupa.

Machale yakanicheza.

Siku moja alisahau daftari lake kwenye kiti. Jamani, mimi si mwizi, lakini macho yangu hayana adabu. Nikasoma: "N3, namba nane, kimekwenda. N3, namba tisa, bado."

Kimekwenda wapi? Kwa nani? Nikalirudisha kitini, jasho likinitiririka mgongoni, na kiyoyozi kinafanya kazi vizuri kabisa.

Haikupita wiki, mtu wa usalama akanikuta kantini ya wizara. Alivaa shati jeupe la mikono mifupi, na alikuwa anatabasamu kuliko ilivyohitajika.

"Mkuu wako siku hizi anapenda upepo wa mtoni, eti?"

"Sijui, afande."

"Unajua. Siku ukijisikia kuandika, niletee mimi mkononi."

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Yeye ni muuguzi, hospitali yake iko ng'ambo ya mto, kwa hiyo anavuka daraja lile asubuhi na jioni.

"Si umuulize tu?" akasema, anakunja sare yake.

"Dereva hamhoji Katibu Mkuu."

"Dereva anamchungulia daftari, lakini kumuuliza hawezi. Haya."

Mwanamke huyu ana mdomo.

Pengine ningenyamaza. Kilichonimaliza ni swali moja.

"Koplo," mzee akaniambia garini, "shemeji bado anavuka darajani kwenda kazini?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Saa ngapi?"

Nikamtazama kwenye kioo. Akaangalia dirishani.

"Mwambie awe anazunguka barabara ya juu. Ni mbali, lakini mwambie."

Barabara ya juu inapita mbele ya geti la nyumba ya mzee! Nikajikuta nimeushika usukani kwa nguvu. Mke wangu anamhusu nini? Saa zake za kazi za nini? Usiku sikulala vizuri, na mke wangu sikumwambia kitu. Nilimwonea wivu mzee wa miaka sitini, naona haya hata kuandika.

Baada ya wiki mbili akauliza tena. "Shemeji ameanza kuzunguka?" Nikajibu ndiyo, uongo mtupu.

Basi. Nikaamua.

Alhamisi ile alipokuwa chini, nikatoa karatasi nikaanza kuandika nikiwa nyuma ya usukani. Mstari wa tatu, kalamu ikakata wino. Naitikisa, naipulizia, mara naona kivuli dirishani.

Alikuwa amesimama pale na begi lake.

"Unaandika nini, Koplo?"

"Orodha ya vipuri, Mkuu. Gari linadai vipuri."

Akanitazama kidogo. Kisha akachomoa kalamu yake ya wino, ile ya kusainia, akanipa.

"Orodha nzuri inataja mahali, siku na saa. Usiache kitu."

Vipuri na saa wapi na wapi? Lakini nilivyokuwa nimebanwa na hofu, sikufikiri. Nikaipokea.

Ijumaa asubuhi ripoti ikawa mkononi mwa yule jamaa wa usalama. Kurasa mbili. Akaigonga mhuri mwekundu, SIRI KUU, mbele yangu.

Jumamosi wakashuka chini ya daraja, watu kumi na wawili na mbwa.

Saa sita mchana daraja likafungwa.

Jumatatu bosi wangu akasimamishwa kazi.

Mtaani kila mtu na lake. Mabomu, mara dawa za kulevya, mara redio za maadui. Mimi nilikuwa natembea nimeinua kifua, nimeokoa nchi na ndoa yangu kwa kalamu moja. Lakini yule mtu wa usalama nilipokutana naye koridoni, hakutabasamu. Alinipita kama hanijui.

Jumanne nikapigiwa simu. "Koplo, njoo nyumbani. Njoo na kalamu yangu."

Nilimkuta getini, kwa kaptula na ndala, anagonga bawaba kwa kile kinyundo chake.

"Walikuta nini kule chini, walikwambia?"

"Hapana, Mkuu."

"Vioo."

Akanieleza polepole, kama anavyofundisha kuruta. Nguzo ya tatu ina ufa. Ukitaka kujua kama ufa unatembea, unabandika juu yake kipande chembamba cha kioo kwa plasta ya unga. Ufa ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukisogea hata upana wa unywele, kioo kinapasuka. Alibandika kumi na moja. Vilipasuka kumi na moja.

Nikaukumbuka ule unga mweupe. Nikalikumbuka daftari: N3, nguzo ya tatu.

"Niliandika barua tatu," akasema. "Watu wa barabara walioachiwa daraja wakajibu wamelikagua na ni zima. Walilikagua wakiwa ndani ya gari. Waziri wangu akaniambia niache, nitajipaka matope mwenyewe. Faili la daraja halina mhuri, Koplo. Linalala. Faili la siri linasomwa kabla ya chai."

"Si ungeligonga mhuri mwenyewe?"

"Ufa si siri ya ulinzi. Ningekuwa nimesaini uongo, na wa kwanza bado unanitesa."

Akaweka kinyundo chini.

Akiwa kapteni aliambiwa achimbe mpaka kwenye mwamba. Nguzo ya tatu haikuufikia mwamba. Gwaride la uzinduzi lilikuwa limeshapangiwa tarehe, wakubwa wanataka sahihi. Akaitoa. Mwezi uliofuata akawa meja.

"Kila cheo nilichopata kilivuka daraja lile. Waliniona nimesimama chini yake siku moja, wakanipigia makofi. Mimi sijatoka pale mpaka leo."

Nikashindwa kumtazama.

"Kwa hiyo ulijua naandika nini."

"Nimekaa nyuma yako miaka kumi na tisa. Hujawahi kuandika orodha ya vipuri."

Nilicheka na machozi yakanitoka, vyote pamoja. Nikamnyooshea kalamu yake.

"Kaa nayo. Mkononi mwako imefanya kazi kuliko mkononi mwangu."

Siku ya kumi na moja baada ya daraja kufungwa, mvua kubwa ilinyesha. Saa moja kasoro asubuhi nguzo ya tatu ikazama, na barabara iliyokuwa juu yake ikaenda na maji. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Saa moja kasoro ndiyo saa ambayo mke wangu huwa katikati ya daraja.

Mzee alihojiwa, akakiri, akavuliwa heshima zote. Siku hizi anaishi nyumba ndogo na anapanda miche. Mke wangu humpelekea dawa za presha, na kila mara huniuliza kwa nini sikumfikishia ule ujumbe wa kuzunguka.

Wewe unayenisoma na una mtu unayemshuku, sikuambii umwamini. Nakuambia tu kwamba ngazi zile za kushukia mtoni nilikuja kuzihesabu baadaye. Ziko thelathini na mbili. Nilikaa garini miezi minne nikijaza kichwa maneno, na hakuna Alhamisi hata moja niliyofungua mlango nikashuka kuona mwenzangu anaangalia nini.