Mwalimu mpya ana jina la marehemu mwanangu

Leo nimeita jina la mwanangu aliyekufa, na mtu ameitika.

Mugonile, ndugu zangu. Kaeni niwaeleze.

Ile shule mpya hapa Tukuyu, wasikochapa fimbo, watoto wanawaita walimu kwa majina matupu, mnaijua? Mimi sikusoma hata darasa moja, ila adabu naijua, na jambo hilo lilinikera tangu mwanzo.

Wiki hii wameleta walimu wapya. Mmoja anaitwa Ambokile.

Nyumbani kwangu jina hilo halijatamkwa tangu tumzike mwanangu, baba yake mjukuu wangu Tumpe, anayesoma hapo. Mimi ndiye niliyekataza. Basi wenzake wakimwita mwalimu kwa jina hilo, Tumpe anatoka darasani mbio, anajificha kwenye migomba. Leo nikaitwa shuleni.

Nimefika nimejaa maneno. Nakuta kijana mwembamba amechutama na mjukuu wangu kwenye tope, suruali imeharibika kabisa.

"Bibi, nisamehe. Kuanzia kesho wataniita Mwalimu tu."

"Nyamaza wewe! Jina ulipewa na mama yako, ulifiche kwa nini?"

Tumpe akanitazama. Alikuwa anangoja nilitaje mimi.

Nikalitaja. "Ambokile."

"Naam, mama."

Jamani, si bibi. Mama! Na sauti akaishusha mwishoni, vilevile kama mwanangu.

Tumpe akamshika mkono wakarudi darasani. Mimi nikarudi nyumbani.

Sasa niko jikoni. Nimeliita tena, peke yangu. Kimya.

Ninyi mliozika watoto, majina yao mnayatamka? Niambieni.